Mafuta Niliyoyaagiza kwa Kiswahili Sanifu

Alhamisi, jioni. Kimumu.

Mvua imenyesha kidogo kidogo tangu alasiri na sasa imeacha. Baridi ya leo inaingia magotini bila kubisha hodi. Nimevaa sweta mbili na nimeketi jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kwenye moto. Nyumba ni kimya. Priska, mke wangu, hayupo. Nimemwacha Ainabkoi kwa dada yake. Chai nimejipikia mwenyewe na nimezidisha majani.

Sina hasira. Nasema hivyo mapema kwa ajili ya wanafunzi wangu wa zamani wanaosoma ukurasa huu mtandaoni wakitarajia nimkaripie mtu. Leo wa kukaripiwa ni mmoja tu, na ndiye anayeandika.

Tangu mwezi uliopita mimi ni mtu mwenye pikipiki.

Wanaonifahamu watacheka, na wana haki. Nilifundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo sikumiliki chombo chochote chenye injini. Nilijifunza kuendesha pikipiki ujanani, nikitumia ya parokia, kisha nikaiacha. Sasa nimenunua moja kuukuu kutoka kwa mwenzangu tuliyefundisha pamoja, ambaye siku hizi anaishi Kisumu na macho yake hayamruhusu tena kuendesha. Ni pikipiki ya zamani, nzito, yenye kiti kirefu kilichoshonwa upya kwa ngozi ya bandia. Ililetwa juu ya lori la saruji, imefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Niliinunua kwa sababu ya Priska.

Dada yake, Rael, aliteleza shambani akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Sasa yuko nyumbani kwake na anatembea kwa kushika kuta. Watoto wake wako mbali. Priska anataka kwenda huko kila wiki, akae siku mbili, ampikie, amwogeshe, amsikilize. Gari la abiria linamshusha barabarani, lakini kutoka hapo hadi kwa Rael ni njia ya udongo ambayo magari huikataa mvua ikinyesha. Njia hiyo ni ya bodaboda, na Priska hapandi bodaboda. Mwaka jana kijana mmoja alimwangusha karibu na Kapsoya kwa kukimbilia abiria mwingine, bega likateguka. Tangu siku hiyo aliapa. Kwa hiyo hutembea njia yote, na mfuko kichwani, na akirudi nyumbani anaweka miguu ndani ya beseni na hasemi neno mpaka maji yapoe.

Nilitaka abebwe na mtu asiye na haraka.

Sikumuuliza. Nilidhani nikimuuliza atakataa. Basi sikumuuliza, na alikataa vile vile.

Siku lori lilipoileta, nilikanyaga kiki mpaka jasho likanitoka. Ilipowaka ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima. Priska alikuwa dirishani akichagua maharagwe.

"Mwalimu," akasema, "hiyo inakohoa kuliko marehemu baba yako, na yeye alikuwa na kifua."

Akarudi kwenye maharagwe yake.

Shida yenyewe haikuwa kubwa, ila ilihitaji subira. Kisumu iko chini, kandokando ya ziwa, na hewa yake ni nzito. Pikipiki hii iliishi huko miaka mingi, na kabureta yake ilikuwa imepangwa kwa hewa ile. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Kabureta iliendelea kumimina petroli ile ile ya Kisumu, na hewa ya kuichoma haikutosha. Ndiyo maana ilikohoa. Nilipofungua plagi, ile inayotoa cheche, niliikuta nyeusi kama sufuria ya shughuli.

Hayo niliyaona pamoja na Kariuki, fundi wa hapa Kimumu. Kariuki ni mzee wa kanisa, wazazi wake walikuja kutoka Nyandarua yeye akiwa mgongoni, na karakana yake iko nyuma ya duka la mke wake. Mikono yake ni mizuri na maneno yake ni mengi. Alinikubalia nifanye kazi mwenyewe uani kwake, nitumie spana zake, nimwite nikikwama.

Aliinusa ile plagi akaniambia kuwa mafuta ni mingi.

Nikamwambia ni mengi, si mingi.

Akasema sawa, ni mengi, lakini bado yanajaa kwa plagi.

Kazi ya kurekebisha kabureta nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Kuna skrubu ndogo ya hewa ubavuni. Unaifungua kidogo, robo ya mzunguko, kisha unasikiliza. Mlio ukipanda na kutulia, uko karibu. Ukianza kuyumba, umepita. Ndani yake kuna sindano inayoongoza petroli unapoongeza mwendo, nayo ina vijia vya kupandisha na kushusha kibanio. Niliishusha sindano kijia kimoja. Nikaendesha hadi barabara ya lami na kurudi, nikafungua plagi, nikaitazama. Bado nyeusi. Nikaishusha tena. Ikawa kahawia. Mwishowe ilipata rangi ya chai ya maziwa, ambayo Kariuki na mimi, tunaobishana juu ya kila kitu, tulikubaliana kuwa ndiyo rangi.

Kwa furaha nikaiendesha peke yangu kuelekea Ainabkoi. Kule ni juu zaidi kuliko hapa, viazi vyenyewe, vinavyopenda baridi, vinajua. Mlima ulipoanza, pikipiki ikaanza tena kukohoa. Ikabidi nisimame kando ya shamba la ngano la mtu, nitoe bisibisi, niifungulie hewa zaidi. Ikapanda vizuri. Lakini niliporudi Kimumu ikawa inapasuka pasuka kwenye bomba la moshi kila nilipopunguza mwendo. Nilikaa nayo uani kwa Kariuki nikitafuta mahali pa kati. Ningependa injini iwe kama sarufi, iwe sahihi Kimumu na iwe sahihi Ainabkoi. Haiko hivyo. Niliiacha na hewa kidogo zaidi ya inayofaa hapa, ili iweze kupumua kule.

Siku hiyo niliingia nayo nyumbani ikinguruma kwa utulivu. Priska alikuwa akianika nguo. Hakugeuka. Kesho yake, tukinywa chai, akaniuliza kama kile kiti kinaweza kukaa watu wawili bila mmoja kumsukuma mwenzake.

Nikajibu kwamba kinaweza. Sikuongeza neno, kwa maana najua maneno yangu yamewahi kuharibu mambo yaliyokuwa yakienda vizuri. Tukapanga Alhamisi.

Sasa nifike kwenye kosa.

Jumanne niliifanyia matengenezo kamili. Nilikagua breki, nikaosha chujio la hewa kwa sabuni na kulianika, nikasafisha mnyororo na kuupaka grisi. Halafu nikamwaga oili kuukuu ya injini. Neno hili, oili, naliandika leo kwa mara ya kwanza katika ukurasa huu. Kwa kawaida silitumii. Nyumbani kwangu tunasema mafuta ya injini. Watoto wangu walikua wakijua hivyo, na Priska anajua. Tuna neno letu, zuri na la kale, sioni sababu ya kuazima.

Nilikuwa na chupa moja iliyopungua. Niliimimina yote, nikapima kwa kile kijiti cha kupimia, nikaona haijafika alama. Ilitosha kuiwasha na kusikiliza mlio, haikutosha safari. Duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Nikaiacha pikipiki pale pale kwa Kariuki, nikijiambia kwamba Jumatano nitaongeza.

Jumatano nikaitwa Kapsoya kwenye kikao cha kamati ya mazishi. Vikao hivyo havina mwisho. Nikampigia Kariuki, simu yake ikawa imezimwa. Nikampigia Priska, aliyekuwa akienda dukani kwa mke wa Kariuki kununua sukari ya kumpelekea dada yake, nikamwomba amwambie fundi aongeze kwenye pikipiki.

Akauliza kama amwambie ni oili.

Nami, nikiwa nimesimama nje ya kikao cha mazishi, na watu wakinisubiri, nikapata nafasi ya kumsahihisha mke wangu. Nikamwambia aseme mafuta. Nikamwambia Kariuki ni mtu mzima, akiambiwa kwa Kiswahili ataelewa.

Priska akasema haya.

Jioni niliichukua pikipiki gizani, nikaisukuma hadi nyumbani kwa sababu si mbali. Leo asubuhi nilifungua kifuniko cha tangi nikakuta petroli imejaa hadi mdomoni. Nilifurahi. Nilimsifu Kariuki moyoni kwa ukarimu wake wa kuniongezea na petroli juu ya yale niliyomwomba. Kijiti cha kupimia kilikuwa pale pale, chini ya goti langu. Sikukitoa.

Sikupima. Nimeandika sentensi hii peke yake ili niione.

Tuliondoka jua likiwa limechomoza na ukungu ukiwa bado mashambani. Priska alivaa viatu vya kanisani na koti langu la zamani. Mfuko wa unga na sukari tuliufunga nyuma kwa mpira. Alipopanda alinishika kwa nyuma kwa nguvu kiasi kwamba kola ilinikaba. Sikulalamika. Niliendesha kama ninavyosoma kwa sauti, polepole, nikitua kwenye kila kituo. Malori yalitupita. Bodaboda zilitupita. Mzee mmoja mwenye baiskeli alitukaribia sana.

Tulipoiacha Kimumu mbali, nikahisi vidole vyake vikilegea. Kwanza mkono mmoja. Kisha akaanza kunionyesha vitu: ng'ombe wa nani, nyumba ya nani imeezekwa upya, viazi vya nani vimeoza. Tangu lile bega lake liteguke hajawahi kutazama pembeni akiwa juu ya chombo chochote. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko nilivyostahili.

Mlima ulipoanza, nikasikia joto kwenye mguu wa kulia. Harufu ikafuata, kama ya pasi iliyoachwa juu ya nguo. Kisha injini ikaanza kugonga. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe chumba cha pili.

Nilisimama. Nikamweleza Priska kwamba ni mambo ya hewa. Nikamweleza kwa kirefu. Kwamba huenda nilifungua mno, kwamba injini ikipata hewa nyingi na petroli kidogo hupata joto, kwamba tutafunga skrubu robo mzunguko tuone. Kila nililomwambia kuhusu hewa lilikuwa kweli, ila halikuhusika. Alisimama kwenye majani, mikono ndani ya koti, akinisikiliza kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Nikafunga skrubu. Tukaenda kidogo. Ikagonga zaidi, na nguvu ikaisha. Nikaizima.

Maduka hayakuwa mbali, nusu ya mlima tu. Mimi nilishika usukani, Priska akasukuma kwa nyuma, na viatu vyake vya kanisani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akishuka na mitungi ya maziwa alipunguza mwendo akatutazama.

"Mzee, unaisindikiza wapi?"

Priska akacheka. Mimi sikucheka wakati ule. Nimecheka hivi sasa, peke yangu.

Kwenye maduka nikaiegemeza ukutani. Kwa kuwa sikuwa na neno lingine la kuiambia injini, ndipo nikakumbuka kijiti. Nikakifungua, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakitoa. Kilikuwa kikavu, ila tone moja kwenye ncha. Nikamtazama Priska nikamwambia kwamba Kariuki hakuongeza mafuta. Nilisema hivyo kwa ukali. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia.

Nikaingia dukani. Mwenye duka ni mama wa makamo, wanamwita Mama Wambui, alikuwa akipima mchele. Nikamsalimu, nikamwomba mafuta.

"Ya kupika ama ya taa?"

Nikasema ni ya pikipiki.

Akanyoosha kidole bila kuinua macho. Nje, kando ya mlango, kulikuwa na chupa za petroli zimepangwa juu ya kibao. "Hiyo iko hapo nje, Mzee. Chukua tu."

Nikasema si hayo, nataka mafuta ya kutia ndani ya injini.

Akaacha kupima mchele. "Sasa si useme oili."

Nilisimama pale mbele ya kaunta. Nyuma yangu, kupitia mlangoni, niliweza kuiona pikipiki na tangi lake. Tangi limejaa hadi mdomoni. Fundi aliambiwa aongeze mafuta, akaongeza mafuta. Aliyemwambia alimwambia neno lile lile alilofundishwa.

Nilipogeuka, Priska alikuwa kizingitini. Alikuwa ameelewa kabla yangu, nadhani tangu tulipokuwa tunasukuma.

"Nilimwambia mafuta, Mwalimu. Nilitaka kusema oili, ukanikataza."

Hakulisema kwa kunisuta. Afadhali angenisuta. Alilisema kama mtu anayetoa maelezo kwa daktari.

Nikamgeukia Mama Wambui nikamwomba oili. Akanipa.

Tulikaa kwenye ubao nje ya duka tukingoja injini ipoe, kwa sababu haifai kuimiminia ikiwa bado na joto lile. Ukungu ulikuwa umeondoka. Mbwa alikuja akalala karibu na gurudumu, penye joto. Priska alikunywa soda nusu akanipa nusu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, ni nini kingetokea kama nisingesimama.

Hapo ndipo palikuwa na uzito wa siku ya leo. Ningeweza kusema injini ingeharibika, na lingekuwa jibu sahihi. Lakini si jibu la alichouliza. Aliuliza habari za mwili wake, na bega lake, na ule mkono alioulegeza.

Nikamwambia. Injini ikikosa oili kabisa, chuma hushikana na chuma ndani yake. Ikishikana ghafla, gurudumu la nyuma linaweza kujifunga, hata kama uko kwenye mwendo. Tungeanguka.

Akauliza kama nilijua hivyo nilipokuwa nikimweleza mambo ya hewa.

Nikasema nilijua kwamba hutokea. Sikujua kwamba ilikuwa ikitutokea.

Akaikubali tofauti hiyo, au aliiacha ipite.

Injini ilipopoa nikamimina, nikapima, nikamimina tena kidogo, nikapima. Nikairudisha skrubu ya hewa pale ilipokuwa kabla sijaihangaisha. Nikakanyaga kiki. Iliwaka. Kugonga kukaendelea kwa pumzi chache, kukafifia, kukaisha. Niliinama karibu nayo, sikio ubavuni, mpaka Mama Wambui akatoka na kumwuliza Priska kama mzee anaiombea.

Priska hakupanda. Aliniambia nibebe mzigo, yeye atatembea.

Nikabeba mzigo. Nilikwenda hadi kona ya kwanza nikasimama, nikapima oili, nikamngoja. Akafika, akanipita bila kunitazama, kama mtu anayempita mgeni. Nikamwacha aende mbele, nikamfuata polepole, nikampita, nikamngoja kwenye kona nyingine. Tulikwenda hivyo njia yote ya udongo. Watoto waliokuwa wakichunga kondoo waliacha kuchunga wakatutazama.

Rael alitupokea akiwa ameshika mwimo wa mlango. Alifurahi mpaka akasahau kushika, tukamdaka. Tulikunywa chai. Rael akauliza tumekujaje, na nikangoja kusikia kile Priska atakachosema. Akasema tumekuja pamoja na Mwalimu. Basi. Hakumweleza jambo lolote, ingawa wao wawili hawafichani hata bei ya kitambaa.

Nilitoka uani nikampigia Kariuki. Safari hii simu yake iliita. Nilimweleza yote na nikamwambia kosa ni langu, si lake wala la Priska. Akasema kuwa hata yeye alishangaa, maana tangi ilikuwa karibu kujaa, akajua Mwalimu anaenda mpaka Malaba. Niliposikia "tangi ilikuwa" nilifungua mdomo, nikaufunga.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa msitu, nikasimama ili niondoke kabla ya mvua. Priska alinisindikiza hadi langoni. Atakaa kwa Rael mpaka Jumamosi. Nilikuwa nimeshaamua la kumwambia. Nikamwambia kwamba Jumamosi nitamwomba jirani yetu mwenye gari dogo anisindikize. Gari litafika barabarani, nami nitakuja kwa miguu nimbebee mfuko, turudi pamoja.

Akanitazama.

"Nimekuuliza mambo ya gari?"

Nikasema hapana.

Akatazama pikipiki kwa muda, kama anavyomtazama ng'ombe ambaye hajaamua kama atamnunua. Akagusa kiti kwa kiganja, akakifuta maji ya ukungu ambayo tayari yalikuwa yamekauka.

"Hiyo oili upime mwenyewe. Usinitume, na usimtume Kariuki. Ione na macho yako. Halafu ukuje."

Nilisikia lile "ukuje". Nimelisahihisha vinywani mwa watoto wa watu maisha yangu yote, na kinywani mwake mara nyingi kuliko mwa wote. Sikulisahihisha. Nililipokea lilivyo, nikawasha, nikaondoka.

Nimerudi polepole kuliko nilivyokwenda. Mvua ilinikuta kabla ya nyumbani. Injini haikugonga tena, na joto mguuni lilikuwa la kawaida. Lakini sikio langu si ushahidi wa kutosha. Leo asubuhi sikio hili hili lilisema ni hewa.

Kwa hiyo kesho, kukiwa na mwanga wa kutosha, nitaimwaga oili yote katika beseni jeupe. Nitaipitisha kwenye kitambaa safi na kukitandaza juani. Chuma kilichosagika hung'aa. Nikiona kinachong'aa, injini imeumia ndani, nitampigia Priska nimwambie hivyo hivyo kama nilivyoona, hata kama maana yake ni kwamba hatapanda tena. Jumamosi nitapanda gari la abiria, nishuke barabarani, nitembee hadi kwa Rael. Nisipoona kitu, nitatia oili mpya mpaka kwenye alama, nitapima usiku nikilala na asubuhi nikiamka, na nitakwenda na pikipiki.

Ama hivi ama vile, Jumamosi nitakuwa langoni kwa Rael. Nikifika bila pikipiki, hatahitaji kuuliza.